"Hawajazoea Tu": Kisingizio Kinachowagharimu Wanafunzi Wetu Polandi

Kijana wa Afrika Mashariki anayekwenda kusoma Polandi huagwa kwa maneno yaleyale. Wakala aliyemtafutia chuo huyasema, mjomba aliyechangia nauli huyarudia, na waliotangulia huyatuma kwa ujumbe wa sauti: Wapolandi si watu wabaya, hawajazoea tu kuona watu weusi. Watakukodolea macho kwenye tramu, mmoja atahama kiti, bibi fulani atataka kukugusa nywele, usiyaweke moyoni. Nchi yao haikuwahi kumtawala Mwafrika, hivyo hawana dharau ya mkoloni. Ni watu wa kimya, hawachekicheki na wasiyemjua, lakini ukikijua Kipolandi watakupokea. Ada ni nafuu kuliko Uingereza, shahada inatambulika Ulaya, visa yenyewe ni ya Schengen. Lililobaki ni lako: vumilia.

Sitaki kuupunguza mtazamo huu ili nipate wepesi wa kuupinga. Wanaoushikilia wana sababu zao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kufuatia mauaji ya Wayahudi na kuhamishwa kwa mipaka pamoja na watu, Polandi ilibaki nchi ya watu wa asili moja karibu yote, na kwa zaidi ya miaka 40 ilikaa chini ya utawala wa kikomunisti uliobana safari za kuingia na kutoka. Ipo miji midogo ambako mtu anaweza kuzeeka bila kuzungumza na Mwafrika hata mmoja. Tena ni kweli kwamba wapo Watanzania, Wakenya na Waganda waliosoma huko, wakarudi na vyeti vyao, na leo wanafanya kazi za maana. Hakuna anayedanganya anaposimulia hayo.

Ninachokipinga ni hitimisho linalochumwa humo: kwamba tabu ya mgeni Polandi inatokana na ugeni wake, kwamba muda utaiponya, na kwamba mwenye kazi ya kusubiri ni mgeni peke yake. Hitimisho hilo ni potofu, na limekaa vinywani mwetu muda mrefu mno. Mengi yanayomuumiza mwanafunzi wetu kule yana wenyewe. Yameamuliwa na watu, yameandikwa katika sheria, mikataba na taratibu za ofisi, na walioyaandika wanaweza kuyafuta. Tukiyaita "kutozoea" tunawavua wajibu watu wanaolipwa mshahara na ada ya watoto wetu.

Kwanza: "hawajazoea"

Hoja hii ni ya kihistoria, basi tuipime kwa historia. August Agboola Browne, mpiga ngoma wa jazi mzaliwa wa Lagos, alifika Polandi mwaka 1922. Alioa huko, akapiga muziki katika kumbi za Warsaw, na mwaka 1944, Warsaw ilipoinuka dhidi ya Wajerumani, alikuwa miongoni mwa walioingia katika mapambano. Mwaka 2019 mji huo ulipata mnara wa kumkumbuka. Mwaka 1952 ilifunguliwa mjini Łódź shule ya kuwafundisha wageni Kipolandi kabla hawajaingia vyuoni, na tangu nchi zetu zilipopata uhuru vijana wa Kiafrika wamepitia humo kwenda kusomea udaktari, uhandisi na uchumi. Mwaka 1962 mwandishi Ryszard Kapuściński alikuwa akiishi Dar es Salaam kama mwakilishi wa shirika la habari la nchi yake, na kwa miongo iliyofuata Wapolandi wamesoma habari za Afrika kutoka kalamuni mwake. Katika miaka ya 1990 wachuuzi wa Kiafrika na wa Kivietinamu walijaza soko kubwa la uwanja wa michezo wa Warsaw. Mwaka 2010 John Godson, mzaliwa wa Nigeria, aliingia bungeni. Mwaka 2011 akafuata Killion Munyama, mzaliwa wa Zambia aliyesoma Poznań. Hiyo ni karibu karne nzima. Watu waliokuwa na Waafrika vitani, darasani, sokoni na bungeni hatuwezi kuwaombea udhuru kila mwaka wa masomo kwamba wameshtuka kutuona.

Lakini hata tukiiacha hesabu ya miaka, kiini cha hoja hakisimami. Inadai kwamba mtu humtenga asiyemjua, na akimjua huacha. Wayahudi waliishi Polandi karibu miaka elfu. Mwaka 1939 walikuwa zaidi ya milioni 3, takriban mmoja katika kila raia kumi. Walikuwa majirani, mafundi, madaktari na washairi wa Kipolandi. Hakuna watu waliojulikana zaidi yao. Hata hivyo, ni katika vyuo vikuu vya nchi hiyo ambako miaka ya 1930 wanafunzi Wayahudi walilazimishwa kukaa kwenye madawati yao peke yao upande mmoja wa ukumbi, na mwaka 1937 utaratibu huo ukapata idhini rasmi. Wapo waliosikiliza mihadhara wakiwa wamesimama ili wasikubali kukaa huko. Mwaka 1968, zaidi ya miaka 20 baada ya mauaji makubwa, kampeni ya serikali ya kikomunisti iliwasukuma Wayahudi wasiopungua 13,000 kuihama nchi, wengi wao wasomi na wanafunzi. Kujulikana hakukuwaokoa. Waliowatenga hawakuwa wanakijiji wasiojua dunia. Walikuwa wakuu wa vyuo na mawaziri, watu walioketi mezani wakatia saini.

Yaliyo karibu nasi yanasema hivyohivyo. Waukraine wanafanana na Wapolandi kwa sura, lugha zao ni za ukoo mmoja, na kabla ya vita walikuwa wamefanya kazi nchini humo kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2022 walipokelewa kwa mikono miwili. Kufikia Agosti 2025, Rais Karol Nawrocki alikataa kutia saini muswada wa kuendeleza haki zao kama ulivyokuwa, na lawama dhidi yao zilikuwa zimeshakuwa mtaji wa kampeni za uchaguzi. Kadiri walivyozoeleka ndivyo walivyochokwa. Kama jirani wa damu hajalindwa na mazoea, yatamlinda vipi kijana kutoka Singida?

Kuna jambo moja ambalo kutozoea kunalieleza sawasawa: mtoto wa miaka minne anayekutazama dukani mdomo wazi. Huyo mwache, mtabasamie. Lakini mwenye nyumba anayeandika katika tangazo kwamba anataka mpangaji Mpolandi tu ameshafikiri na kuamua. Mlinzi wa klabu anayekuzuia mlangoni huku akiwapitisha wenzako wa darasa moja anatekeleza agizo. Na vijana waliokusanyika Przemyśl, karibu na mpaka, Machi 2022, wakawashambulia Waafrika na Waasia waliokuwa wakiikimbia vita ya Ukraine, walikwenda wakijua wanachokitafuta. Wengi wa Waafrika na Waasia hao walikuwa wanafunzi kama wetu, na sheria haikuwapokea kama Waukraine waliokaa nao basi moja. Sheria maalumu ya tarehe 12 Machi 2022 iliwapa Waukraine ukaazi, kazi na namba ya utambulisho ya PESEL. Wanafunzi wa nchi nyingine wasio na visa waliruhusiwa kuingia kwa siku 15. Bunge liliandika tofauti hiyo likiwa macho.

Pili: "hawakuwa na makoloni"

Ni kweli kwamba Polandi yenyewe iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria katika miaka ya 1772, 1793 na 1795, ikafutika kwenye ramani kwa miaka 123 hadi 1918. Watu wetu huisikia habari hii wakaona wamepata ndugu wa mateso. Sasa tuangalie taifa hilo lilifanya nini lilipopata uhuru wake.

Lilidai makoloni. Jumuiya ya Bahari na Makoloni, iliyoanza kutumia jina hilo mwaka 1930, ilifikia wanachama karibu milioni moja kabla ya vita. Iliandaa maandamano, ikachapisha magazeti, ikaeleza kwamba Polandi nayo inastahili fungu lake la Afrika. Mwaka 1937 serikali ilituma tume Madagaska kuchunguza kama Wayahudi wa Polandi wangeweza kupelekwa kuishi huko. Watu wa Madagaska hawakuulizwa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1880, Stefan Szolc-Rogoziński alikwisha kwenda Kamerun kununua ardhi kutoka kwa machifu, wakati taifa lake halina hata bendera. Polandi ilikosa makoloni kwa kukosa nguvu. Asiyepata alichokitamani hatuwezi kumsifu kwa kutokitamani.

Tena kuna njia nyingine ambayo dharau hurithishwa, nayo ni darasa. Henryk Sienkiewicz, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1905, alifika Unguja na Bagamoyo mwaka 1891. Miaka 20 baadaye alitoa riwaya yake ya watoto, W pustyni i w puszczy, kuhusu mvulana wa Kipolandi na msichana wa Kiingereza wanaotekwa Misri na kuipita Afrika hadi pwani yetu. Vizazi kwa vizazi vimeisoma shuleni. Ndani yake mvulana mzungu wa miaka 14 ndiye anayeamuru, anayeokoa na anayefundisha, na Waafrika wanamtumikia. Mmoja wao, kijana Kali, ametungiwa fikra kwamba kuibiwa ng'ombe wake ni kosa, ila kuiba ng'ombe wa mwingine ni halali. Hadi leo Mpolandi akitaka kulaani mtu anayepima mambo kwa mizani miwili, husema huyo ana maadili ya Kali. Mtoto aliyekua na kitabu hicho hawezi kusemwa kwamba hana picha yoyote ya Mwafrika kichwani. Anayo, amepewa na mwalimu, na ameifanyia mtihani.

Tatu: "jifunze lugha yao, milango itafunguka"

Kujifunza lugha ya wenyeji ni jambo jema, na mwanafunzi anayekaa miaka mitatu bila kuweza kumweleza daktari panapomuuma anajidhuru mwenyewe. Lakini ahadi tunayowapa vijana ni kubwa kuliko hiyo. Tunawaambia kwamba lugha itabadilisha namna wanavyotazamwa. Mwaka 2020 wanawake vijana Weusi wa Polandi walifanya kampeni wakidai wasiitwe tena kwa jina linalowadhalilisha. Hao Kipolandi ndicho lugha yao. Wamekisema tangu utotoni. Hakikuwakinga. Anayemwahidi mgeni wa miezi sita kwamba kozi ya jioni itamfanyia kile ambacho lugha ya mama haikuwafanyia raia, anamuuzia matumaini hewa.

Halafu tuangalie mgongano uliomo katika biashara yenyewe. Chuo kinatangaza programu kwa Kiingereza, na wakala anasisitiza kwamba Kiingereza kinatosha. Mwanafunzi akishafika, ofisi ya kitivo inamjibu kwa Kipolandi, mkataba wa nyumba ni wa Kipolandi, barua za ofisi ya mkoa inayoshughulikia ukaazi ni za Kipolandi, na kila cheti kutoka nyumbani sharti kipitie kwa mtafsiri aliyeapishwa, kwa gharama ya mwanafunzi. Kipolandi kina hali saba za nomino. Barua ya kisheria kwa lugha hiyo huwatesa hata wenyeji. Chuo kilichochukua ada kwa Kiingereza kina wajibu wa kuhudumia kwa Kiingereza. Kumwambia mwanafunzi "jitahidi na lugha" hapo ni kumtwisha kazi ambayo chuo kimelipwa kuifanya.

Faida ya kweli ya lugha ipo, na wachache sana huitaja. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2018 inamwondolea mgeni ada ya masomo ya kutwa yanayofundishwa kwa Kipolandi katika vyuo vya umma akiwa na cheti rasmi cha lugha hiyo cha ngazi ya C1. Hiyo ni haki, ina kifungu chake. Ni kawaida yetu kupewa ahadi ya mapenzi ya watu na kunyimwa taarifa ya haki.

Na ukitaka kuona upande mmoja ulivyoelemewa, nenda Nungwi au Jambiani. Watalii wa Kipolandi wamefurika Zanzibar miaka ya karibuni, na vijana wa ufukweni wamejifunza kuwasalimu, kuwauzia na kuwatania kwa Kipolandi. Mtalii hakutakiwa kujua Kiswahili ili apewe chumba. Katika nchi zote mbili, kwao na kwetu, anayejikunja ni yuleyule.

Nne: "ni nafuu"

Hapa ndipo wazazi wetu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ada ya programu nyingi za Kiingereza iko kati ya euro 2,000 na 4,000 kwa mwaka. Ukiilinganisha na Uingereza ni ndogo kweli. Lakini ada ni ile gharama inayoandikwa kwenye tangazo, nyingine haziandikwi.

Chukua nyumba. Mabweni ya vyuo hayatoshi, hivyo mwanafunzi huingia mtaani. Wenye nyumba wengi hutaka mkataba unaoitwa najem okazjonalny. Mkataba huu humtaka mpangaji aende kwa mthibitishaji wa sheria, alipie, na atamke kwamba siku akitakiwa kuondoka atahamia anwani fulani. Na mwenye anwani hiyo lazima aandike kuwa amekubali kumpokea. Mpolandi huandika nyumba ya wazazi wake. Mtoto wa Mbeya au Kisumu ataandika ya nani? Ndiyo maana imezuka biashara ya kuuza anwani kwa wageni. Baada ya yote hayo, wapo wenye nyumba wanaokataa kumwandikisha mpangaji kuwa mkazi, na asipoandikishwa, karatasi zake nyingine zinakwama.

Chukua kibali cha ukaazi. Visa ikikaribia kwisha, mwanafunzi hupeleka maombi katika ofisi ya mkoa, naye hupigwa mhuri katika pasipoti au hupewa uthibitisho kwamba ameomba. Kuanzia hapo yupo kihalali ndani ya Polandi, lakini uthibitisho huo haumruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, na akienda nyumbani hawezi kurudi bila visa mpya. Maombi hukaa miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Ofisi Kuu ya Ukaguzi ya nchi hiyo, NIK, ililalamikia ucheleweshaji huo mwaka 2019. Kilichofuata ni kwamba mwaka 2022 sheria maalumu iliyotokana na vita ya Ukraine ilisimamisha kuhesabiwa kwa muda ambao ofisi hizo zinabanwa kisheria kutoa uamuzi. Yaani mgeni alipoteza hata haki ya kulalamika kwamba amecheleweshewa. Sasa fikiria simu inayoingia usiku kwamba mama amefariki. Kijana ana mambo mawili ya kuchagua: akae asimzike mama yake, au aende na pengine asirudi kumaliza shahada ambayo mama huyo aliuza shamba kuilipia. Tabasamu la jirani halina nafasi katika uchungu huo. Ni utaratibu, na una wenyewe.

Chukua kazi. Wakala husema mwanafunzi wa kutwa anaruhusiwa kufanya kazi bila kibali, na kweli sheria imemruhusu. Hasemi ni kazi ya namna gani. Wengi huishia kusambaza chakula kwa baiskeli katika baridi ya Januari, kufungasha mizigo maghalani usiku, au kuosha vyombo. Huajiriwa kwa mkataba wa huduma, umowa zlecenie, na kwa mwanafunzi ambaye hajafika miaka 26 mkataba huo hautoi mchango wowote wa hifadhi ya jamii. Mwajiri humpenda kwa sababu hiyohiyo: ni rahisi. Akiteleza kwenye barafu akavunjika mkono, kazi haimpi bima ya afya wala malipo ya ugonjwa. Kama hakujiwekea bima mwenyewe, atalipa kutoka mfukoni. Ni "unafuu" wa nani huo?

Tunasahau pia nani anamhitaji nani. Mwaka wa masomo 2005/06 Polandi ilikuwa na wanafunzi wa vyuo karibu milioni 2. Leo wako kama milioni 1.2, kwa sababu watoto wanaozaliwa wamepungua. Wageni wamezidi 100,000, karibu nusu yao Waukraine, na Zimbabwe imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kupeleka wanafunzi. Vipo vyuo, hasa vya binafsi, ambavyo bila mgeni visingekuwa na madarasa yaliyojaa. Kwa hiyo kijana wetu haendi kufadhiliwa. Ni mteja anayelipa, na mteja ana haki ya kudai.

Badala yake analipia hata makosa ya wengine. Mwaka 2023 iliibuka kashfa ya visa za Polandi kupatikana kwa malipo kupitia madalali katika nchi za Asia na Afrika; naibu waziri wa mambo ya nje, Piotr Wawrzyk, aliondolewa kazini Agosti mwaka huo. Tuhuma ziliwaangukia maofisa na madalali. Masharti mapya yakawaangukia wanafunzi: mwaka 2025 sheria iliongeza uhakiki wa vyeti vya sekondari, uthibitisho wa lugha kufikia ngazi ya B2, na kikomo cha wageni kuwa nusu ya wanafunzi wa chuo. Baadhi ya masharti hayo yana mantiki yake. Ninachouliza ni kwa nini kila mlango unapovuja kule, anayelowa ni mwombaji wa huku.

Tano: "mvumilivu hula mbivu"

Methali hii nimeisikia ikitumiwa kumnyamazisha msichana aliyetemewa mate kituo cha basi. Nayakataa matumizi hayo, na ushahidi wangu ni Wapolandi wenyewe, kwa sababu wao walipokuwa wageni hawakuvumilia.

Baada ya Polandi kuingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, mamia ya maelfu ya raia wake walihamia Uingereza. Sensa ya 2011 ilionyesha kwamba Kipolandi kilikuwa lugha ya pili kwa wingi wa wasemaji huko Uingereza na Wales. Juni 2016, baada ya kura ya Brexit, kadi za matusi dhidi yao zilisambazwa Huntingdon, na kituo chao cha utamaduni Hammersmith, London, kikaandikwa maneno machafu mlangoni. Agosti Mpolandi mmoja alipigwa ngumi na kijana mjini Harlow na akafa. Mahakama baadaye haikulipa tukio hilo jina la uhalifu wa chuki, lakini Warsaw haikungoja mahakama. Mawaziri wake walipanda ndege kwenda London, na polisi wa Kipolandi wakapelekwa kufanya doria Harlow. Hakuna waziri aliyewaambia wahamiaji wale kwamba Waingereza hawajazoea tu. Hakuna aliyewaambia wavumilie. Walidai heshima, na walistahili kuidai.

Mmoja wa mawaziri waliosafiri alikuwa wa mambo ya ndani, Mariusz Błaszczak. Novemba mwaka uliofuata watu wapatao 60,000 waliandamana Warsaw Siku ya Uhuru, na katika msafara huo yalikuwamo mabango ya kutukuza Ulaya ya watu weupe. Waziri huyohuyo aliusifia mkusanyiko ule kuwa mzuri kuutazama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na kabla ya Uingereza walikuwa wageni wetu. Mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na Asia ya Kati na utawala wa Stalin walipita Iran wakaletwa Afrika Mashariki: Masindi na Koja kule Uganda, Kidugala, Ifunda na Kondoa huku Tanganyika, na kambi kubwa kuliko zote, Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikaa hadi 1952. Walikuwa na shule zao za msingi na sekondari kwa Kipolandi, hospitali, kanisa na mashamba. Hawakuulizwa wana anwani gani ya kuhamia wakifukuzwa. Miaka ileile, mwishoni mwa 1951, Wameru wenye nchi walikuwa wanafukuzwa Engare Nanyuki na serikali ya Waingereza ili walowezi wapate ardhi, hadi Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea. Kosa hilo si la wakimbizi. Lakini lina maana kwamba waliowapa hifadhi walikuwa watu ambao wenyewe hawakuwa na uhakika wa mahali pa kulala. Makaburi karibu 150 ya Wapolandi bado yanatunzwa Tengeru. Kwa deni hilo, mtoto wa Mmeru anastahili kukuta kwenye ofisi ya kitivo mtu wa kumjibu.

Tena sheria ya Polandi yenyewe haiitambui "kutozoea" kama utetezi. Kifungu cha 32 cha katiba ya 1997 kinakataza ubaguzi. Kifungu cha 257 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga hadi miaka mitatu anayemtukana mtu hadharani kwa sababu ya rangi au taifa lake, na cha 119 kinahusu vitisho na kupigwa kwa sababu hizohizo. Yupo Mtetezi wa Haki za Raia, na mgeni pia anaruhusiwa kumpelekea malalamiko. Wapolandi walioziandika sheria hizo walijua kwamba tatizo lipo na lina jina. Sisi ndio tunaowafundisha watoto wetu kulificha kabla hawajapanda ndege.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujalipa, mwulize wakala maswali haya na umtake ajibu kwa maandishi: chuo kina bweni kwa mtoto wangu mwaka wa kwanza, ndiyo au hapana? Nani chuoni atamsaidia maombi ya ukaazi, na kwa lugha gani? Akitukanwa au kupigwa, ofisi ipi itamsindikiza polisi? Wewe unalipwa kiasi gani na chuo kwa kila mwanafunzi? Kwa nini hukumtajia ufadhili wa serikali ya Polandi kupitia shirika la NAWA, ambao programu zake za Banach na Łukasiewicz zimewahi kupokea waombaji wa Tanzania, Kenya na Uganda? Asiyejibu usimpe fedha zako. Nanyi mliosoma huko mkarudi, acheni kuwaambia wadogo zenu kwamba mlizoea. Waambieni mlilipa nini, wapi mlikataliwa, na nani aliwajibika, ili anayefuata aende akijua cha kudai.